Damu imepimwa, na sufuria je?



Leo naomba tuzungumze juu ya damu. Si ile ya Msalabani, ambayo umezoea kusikia mapadre tukiihubiri, ila hiyo inayopita katika mkono ulioshika gazeti hili. Siku hizi watu wetu wanapimwa sana. Mama mjamzito anapimwa wingi wa damu kliniki, mzee anatobolewa kidole kuangaliwa sukari, kijana anakwenda maabara ya binafsi kuuliza kama amepungukiwa vitamini kwa sababu anajisikia mchovu kila asubuhi. Ni jambo jema, na sisi tuliozaliwa wakati zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu tunajua ni neema kiasi gani.

Shida yangu iko baada ya kipimo. Karatasi ya majibu inakunjwa, inaingia kwenye mkoba, inalala pamoja na risiti za umeme, na jioni ile ile chakula kinapikwa vilevile na kugawanywa vilevile. Anayejua majibu ni mwenye damu peke yake, na mara nyingi huyo ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote pale nyumbani. Nasema hivi: majibu ya damu yanayohusu lishe ni mali ya meza nzima. Baba wa familia asiyejua mkewe ana damu kiasi gani hajui anaombea nini anapobariki chakula.

Kipimo cha lishe cha zamani kuliko vyote ninavyovifahamu katika Maandiko kiko sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli. Unakumbuka: vijana wanne wa Kiyahudi wamepelekwa Babeli, wanapangiwa chakula na divai kutoka meza ya mfalme, na Danieli hataki kujitia unajisi. Mkuu wa matowashi anaogopa, maana vijana wakionekana kudhoofu kichwa chake mwenyewe kiko hatarini. Basi Danieli anamwendea msimamizi na kumpa pendekezo: siku 10, mboga na maji tu, halafu nyuso zao zilinganishwe na nyuso za wale wanaokula cha mfalme. (Tafsiri zetu zinatofautiana hapa. Wengine wameandika mtama, wengine mboga za majani. Neno la Kiebrania linatokana na mzizi wa kupanda mbegu, kwa hiyo kila mmoja ana haki yake kidogo.)

Wapo wahubiri wanaoitumia sura hii kukataza watu nyama. Sidhani kwamba hiyo ndiyo shabaha ya kitabu. Kilichokuwa hatarini pale Babeli ni uaminifu kwa Agano. Lakini angalia jinsi kipimo kilivyowekwa. Kilikuwa na muda maalumu. Kilikuwa na watu wa kulinganishwa nao. Na kabla hakijaanza, Danieli alikubali kwamba msimamizi atawatendea kadiri ya atakachokiona. Hapo ndipo penye uzito. Mtu anayepimwa huku ameshaamua kwamba hatabadili kitu, huyo hajapimwa, ametobolewa tu.

Msimamizi wa Babeli alikuwa na macho peke yake. Sisi tumepewa zaidi, na afadhali, maana macho yanadanganya. Kwetu mtu mnene huitwa mwenye afya, na mwembamba huulizwa kama anaumwa. Kumbe mama aliyejaa mashavu anaweza kuwa na upungufu mkubwa wa damu kuliko jirani yake mwembamba anayelima kutwa. Wataalamu wa lishe huiita njaa iliyojificha: tumbo limejaa ugali, lakini mwili umekosa madini chuma, au vitamini A, au iodini. Kwa kuwa hakuna anayelia njaa, hakuna anayesikia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16, ule unaohusu afya ya uzazi, mtoto na malaria, ulipima damu za watu nyumbani kwao katika mikoa yote. Ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 45 wana upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano ilikuwa 58 kati ya 100. Jumapili hii ukiwa kanisani, tupa jicho upande wa akina mama uhesabu mabenchi. Karibu nusu.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Ni tone la damu kidoleni na mashine ndogo ya mkononi inayosoma hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni na ambayo haijengeki bila madini chuma. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima anatakiwa asipungue 13, mwanamke 12, na mjamzito 11, ingawa katika miezi mitatu ya katikati hata 10.5 inakubalika kwa kuwa wakati huo majimaji ya damu huongezeka sana. Hizo ni gramu kwa kila desilita moja ya damu. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Akina mama wetu hukata maneno, wanasema tu, "Nina damu nane."

Nane maana yake nini? Maana yake mama huyo akitokwa damu wakati wa kujifungua, kiasi ambacho mwenye kumi na mbili angekipoteza na bado akanyonyesha jioni, yeye anaweza asikivumilie. Akiba hana. Nimewazika akina mama wa namna hiyo, na watoto wao nimewabatiza haraka haraka wodini. Sitasimulia zaidi ya hapo, ila ujue kwamba ninapoandika juu ya namba kwenye karatasi siandiki juu ya hesabu.

Ni lazima niseme pia kipimo hiki hakisemi nini. Kinasema damu ni kidogo. Hakisemi kwa nini. Inaweza kuwa chakula. Inaweza kuwa malaria, inayovunja chembe za damu. Inaweza kuwa safura, wale minyoo wanaoingia kwa nyayo zisizo na viatu na kukaa matumboni wakinyonya. Inaweza kuwa hedhi nyingi ambayo mama ameizoea akadhani ndivyo wanawake wote walivyo, au mimba zilizofuatana bila mwili kupumzika, au selimundu iliyoko katika ukoo. Ndiyo maana kliniki humpa mjamzito vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo, dawa ya kuzuia malaria na chandarua kwa pamoja. Kwa hiyo ukipewa namba, usiondoke. Uliza, "Daktari, hii inatokana na nini?" Una haki ya kuuliza, na si utovu wa adabu.

Vipo vipimo vingine vinavyofika mbali zaidi. Kuna kinachopima akiba ya chuma mwilini, kizuri kabisa, ila nacho kina ujanja wake: mtu akiwa na maambukizo namba hupanda, na aliyefilisika anaonekana tajiri. Kuna kile watu wanachokiita sukari ya miezi mitatu. Hiki nakipenda kama muungamishaji. Sukari iliyozidi katika damu hunata kwenye hemoglobini, na chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo hiki husoma wastani wa majuma mengi yaliyopita. Wapo wazee wangu ambao siku tatu kabla ya kliniki wanaacha soda, wanaacha chapati, wanakuwa watawa kabisa; sukari ya asubuhi ile inasoma vizuri, muuguzi anawasifu, na njiani kurudi wanapitia mgahawani. Kipimo cha miezi mitatu hakijali toba ya siku tatu.

Na wapo upande wa pili, hasa mijini, wanaopima kila kitu kila wakati na kubadili vidonge vya vitamini kila mwezi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatuambia mambo mawili mfululizo, namba 2288 na 2289: kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza kwa busara, tukizingatia pia mahitaji ya wengine, na kwamba mwili usifanywe kuwa sanamu ya kuabudiwa. Anayelala na kuamka na kiwango chake cha vitamini D huku msichana wake wa kazi anakula ukoko amesoma namba moja akaruka ya pili, na hata hiyo moja hakuimaliza.

Sasa kuna kipimo kingine ambacho hakichukui damu hata tone, nacho ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Kinaitwa kipimo cha mwili mzima. Unashika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, unakaa dakika moja hivi, na kompyuta inatoa kurasa na kurasa: ini lako, figo zako, mifupa, vitamini zote, madini yote. Kila ukurasa una kitu kilichopungua. Pembeni ya kompyuta yapo maboksi, na ni ajabu jinsi kila pungufu lilivyo na boksi lake.

Mama mmoja mjane alinijia ofisini na kurasa hizo mkononi, akiomba parokia imsaidie kumalizia deni la maboksi. Alikuwa ameshatoa fedha ya mahindi aliyouza. Karatasi ilisema damu yake ni chafu na chuma kimekwisha.

Nikamwuliza, "Mama, walikutoboa wapi?"

"Hapana, Baba. Nilishika tu."

Nilimwomba twende zahanati. Wakamtoboa kidole. Damu yake ilikuwa kumi na tatu. Nilimwambia anaweza kunikopesha mimi. Alicheka, lakini fedha ya mahindi haikurudi, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile.

Nasema wazi: chuma kilichoshikwa kiganjani hakina njia ya kujua una vitamini kiasi gani kwenye damu yako. Ukitaka kujua kilichomo kwenye damu kwa namna hiyo, damu ichukuliwe, ipelekwe maabara iliyosajiliwa, isomwe na mtu aliyesomea. Na anayekupima asiwe yeye yule anayekuuzia. Hii ya mwisho ni busara ya sokoni, haihitaji udaktari. Anayemwambia maskini kwamba anaumwa ili anunue, ameivunja amri ya nane kwa mdomo na ya saba kwa mkono. Mapadre wenzangu na wazee wa vigango, nawaomba: uwanja wa kanisa usitolewe kwa watu hawa, hata wakileta barua nzuri na kuahidi asilimia kwa ajili ya paa. Mkristo akiona kitu kinafanyika chini ya kengele ya kanisa anadhani Baba Paroko amekipitisha.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, kwa kuwa Mungu ndiye aliyezitoa katika ardhi. Anayeitumia sura hiyo kuuzia maboksi aisome yote. Imo humo pia sala ya tabibu mwenyewe, anayemwomba Bwana amwongoze aujue ugonjwa. Mtu anayeomba aujue ugonjwa ni mtu anayekubali kwamba anaweza asiujue.

Kuna wanaokwepa maabara kwa sababu nyingine: woga wa damu kutolewa. Wazee wetu, hasa wa pwani, walikuwa na hofu ya mumiani, wanaokamata watu na kuwanyonya damu, na nyakati za ukoloni uvumi huo ulimkuta kila aliyevaa sare asiyeeleweka. Hofu haijafa, imebadilisha mavazi. Leo utasikia, "Wanaipeleka wapi damu yetu?" Basi ijulikane kwamba kipimo cha wingi wa damu kinahitaji tone, na hata vipimo vingi vya maabara kwa pamoja havizidi kijiko cha chai kimoja au viwili. Wengine wanaogopa kwamba watapimwa Virusi vya UKIMWI bila kuambiwa. Una haki ya kuuliza sampuli yako inapimwa nini. Na hapa niweke mpaka: majibu ya namna hiyo ni siri yako na ya mtaalamu, na ninaposema majibu ni mali ya meza nazungumzia yale ya chakula na damu, si kila kitu kilichoandikwa kwenye faili lako.

Turudi mezani basi.

Jirani akisikia una damu nane atakuambia bitiruti. Akikosa bitiruti, choya. Sababu haisemwi, ila inaonekana: ni vyekundu. Mungu hakuipanga dunia kwa rangi namna hiyo. Bitiruti ina chuma kidogo tu. Choya ina faida kwa kuwa vitu vichachu vyenye vitamini C huusaidia mwili kunyonya chuma kilichomo kwenye maharage na mboga, lakini ukiinywa yenyewe na kilo ya sukari bila maharage umekunywa sharubati. Chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kimo kwenye nyama, maini, samaki, dagaa. Kilichomo kwenye maharage, kunde, mchicha, kisamvu na matembele huingia kwa shida, ndiyo maana limau, chungwa au kipande cha papai pembeni ya sahani vina kazi. Na kitu kinachokizuia chuma sana nyumbani kwetu ni chai. Chai ya rangi, chai ya maziwa, pamoja na chakula au mara tu baada ya chakula. Nchi nzima tunateremshia maharage kwa chai halafu tunashangaa. Isubirishe saa moja au mbili, si dhambi kuinywa.

Yote haya mama anayajua, kliniki wameshamwambia. Ukimwuliza atakuimbia: mboga za majani, dagaa, maini, matunda, mayai. Kisha anarudi kwenye nyumba ambamo maini, yakipatikana, ni ya baba. Firigisi ni ya baba. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, mama hula shingo akiwa jikoni, akihakikisha kwanza kila mtu ameshiba. Kuna sehemu bado mjamzito anaambiwa asile mayai, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Nimebatiza watoto wengi wenye upara, ndugu msomaji, na kwa kadiri ninavyojua mayai hayahusiki, nywele zinaota.

Basi huyu mama aliyeambiwa ale maini anafanya nini? Anameza vidonge, kama vipo, maana kuna miezi kliniki huambiwa vimekwisha na kutumwa dukani. Akivimeza anapata kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, anaogopa, anaviweka chini ya godoro. Hakuna aliyemwambia kwamba choo cheusi ni kawaida kwa dawa hiyo, na kwamba akimeza usiku kabla ya kulala kichefuchefu kinapungua. (Viwekwe mbali na watoto, tafadhali. Ni vyekundu kama peremende, na chuma kingi ni sumu kwa mtoto mdogo.) Unamkuta sokoni ananunua udongo wa kutafuna, au anatafuna mchele mbichi. Watu wanamcheka. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa chuma, na ingefaa mumewe akiisikia asikie kama kengele.

Nawaambia akina baba: namba ile ya nane haikuandikwa kwa ajili ya mkeo. Yeye hana cha kuifanyia. Mwenye kuamua kama jogoo auzwe au aliwe ni wewe. Mwenye fedha ya jioni ile inayoweza kuwa robo ya dagaa au chupa mbili za bia ni wewe. Mwenye uwezo wa kusema mbele ya watoto na mbele ya mama yako mzazi, "Kuanzia leo maini ni ya mama," na ikawa, ni wewe peke yako. Akijisemea yeye ataitwa mlafi. Najua wapo akina baba ambao hakuna jogoo wala dagaa, na mke na mume wanalala na uji. Kwa hao sina hotuba, hiyo ni kazi ya Jumuiya Ndogo Ndogo na ya Caritas, na Jumuiya inayojua nyumba fulani inalala na uji na mjamzito ndani ikaendelea kuchangishana sare za kitenge ijiulize.

Injili ya Marko sura ya 5 unaifahamu. Mwanamke anatokwa damu miaka 12. Ametumia kila alichokuwa nacho kwa waganga wengi, na hali imezidi kuwa mbaya. (Luka, ambaye mapokeo yanasema alikuwa tabibu, anaisimulia habari hiyo hiyo lakini hilo la kuzidi kuwa mbaya analiacha. Wanataaluma husitiriana.) Tumezoea kuhubiri imani yake na ile pindo la vazi. Mimi humfikiria pia kama mtu mwenye damu kidogo sana anayesukumana na umati. Anachoka. Moyo unampiga. Kwa sheria ya wakati ule ni najisi, kwa hiyo amekuja kwa siri na anataka kuondoka kwa siri. Yesu hamruhusu aondoke hivyo. Anamsimamisha, na yeye akitetemeka anamweleza ukweli wote mbele ya watu, naye anamwita binti. Jambo la damu ya mwanamke, lililokuwa aibu yake peke yake kwa miaka 12, linakuwa jambo la watu wote waliopo, akiwemo mwanamume mmoja mkubwa aliyesimama pale akingoja kwa haraka: Yairo, mkuu wa sinagogi.

Na huyo Yairo ana binti wa miaka 12. Wanafika nyumbani, binti amekwisha kufa, Yesu anamshika mkono, anasimama, watu wanashangaa mno. Unatazamia nini hapo? Wimbo wa sifa, hotuba. Yesu anawaambia wampe chakula. Ndani ya chumba kile wamo baba, mama na mitume watatu. Agizo la chakula halikupelekwa jikoni kwa wanawake. Lilitolewa pale pale, na mkuu wa sinagogi akiwemo miongoni mwa walioagizwa. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikisoma Injili hiyo, Jumapili ya 13 ya Mwaka B, sikuwahi kusikia mtu akihubiri juu ya sentensi hiyo ya mwisho, na bado sijamsikia.

Parokiani kwetu tumejaribu kitu. Muuguzi wa zahanati, ambaye ni mwanakwaya, alikubali kupima wingi wa damu baada ya Misa ya pili, mara moja kila miezi mitatu. Sharti tuliloliweka ni kwamba wenye ndoa waje wawili na kusomewa majibu pamoja, kama mke ameridhia. Mara ya kwanza akina mama 31 walijipanga na akina baba 4. Wengine walisimama chini ya mwembe wakizungumza mpira. Mara ya tatu walikuja 19, na wawili kati yao walipopimwa wao wenyewe walikutwa na damu kidogo, mmoja akatumwa hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Hatujaokoa dunia. Ila katekista wangu ananiambia kwamba kwenye nyumba mbili anazozifahamu firigisi imehama.

Nimalizie na swali nililoulizwa na wengi wakati huu wa mafungo, maana linahusiana. Wanauliza kama mgonjwa, au mjamzito mwenye damu kidogo, anatakiwa kufunga, na kama vidonge vya damu vinavunja mfungo wa Komunyo. Sheria ya Kanisa ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, na mapokeo yetu ya maadili daima yamewaachilia wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha. Mama mwenye damu nane asifunge, ale, na asijisikie mkosefu. Kuhusu Komunyo, kanuni ya 919 inadai saa moja bila chakula wala kinywaji, lakini inasema waziwazi kwamba maji na dawa havihesabiki, na wazee na wagonjwa pamoja na wanaowahudumia wamelegezewa hata hiyo saa moja. Kwa hiyo kama daktari amekupangia kidonge asubuhi ya Jumapili, kimeze kabla ya kutoka nyumbani. Kwa maji, si kwa chai.